Reli Asiyoisikia Baba

Jana asubuhi mtu aligonga mlango wangu bila kusema hodi. Mapigo matatu, ta, ta, ta, kisha kimya. Alikuwa karani mgeni wa pamba, kijana wa watu, kapotea njia, na hakuwa na kosa lolote. Hapa Kahama siku hizi wanaogonga ni wengi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua kama nimesimama, chai imemwagikia kanga, moyo unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nilipomfungulia sikumwuliza ni nani wala anatoka wapi. Nilimtazama masikio.

Ninyi mliokulia kwenye kambi ya mgodi kule Geita mtanielewa upesi. Mtakumbuka kwamba kambini hakukuwa na kimya hata siku moja. Mashine ya kuponda mawe ilitwanga mchana kutwa na usiku kucha, nyundo zake za chuma zikipanda na kushuka, du-du, du-du, mpaka maji ya mtungini yakawa yanatetemeka peke yake. Sisi watoto tuliiita Kinu. Mama alitwanga mtama kwa kukifuata: Kinu kikishuka, mchi wake unapanda. Na kwa kuwa baba alifanya kazi hapo hapo kwenye Kinu, akarudi kila jioni mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, sawasawa na mama baada ya kutwanga, mimi niliamini kabisa kwamba Wazungu wanakula ugali wa mawe. Niliwaonea huruma sana. Nikaona ndiyo maana nyuso zao ni nyekundu, matumbo yanawauma. Siku moja nikamshauri mama tuwapelekee kibaba cha mtama, wapumzishe matumbo. Mama alicheka mpaka akaukalia mchi.

Tulikuwa watatu tu pale: baba, mama na mimi. Kaka yangu Masanja alibaki kwa bibi, upande wa Shinyanga, akichunga ng'ombe, ingawa majina ya wazazi wetu yalimfuata yeye. Kambi nzima waliitwa Baba Masanja na Mama Masanja. Mimi baba aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi, na mtu hawezi kumwita mama yake kwa jina. Jioni nilimpelekea maji ya kunawa kwenye benchi lake. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mayu. Umewashinda leo?" Maana yake shuleni. Nami humwambia nimewashinda, hata siku ambazo nimeshindwa.

Nilikuwa na ndoto zangu. Nilitaka kuwa mkalimani, nivae gauni jeupe na viatu vya kamba, nisimame katikati ya Mzungu na watu, kila upande ukiningoja mimi. Kiingereza kwa kawaida kilianza darasa la tano, lakini Mwalimu Elikana wetu, mtu mwembamba wa kutoka ng'ambo ya ziwa, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe, hakuwa na subira. Alituanzishia darasa la nne. Na alianza na kupiga.

"Sisi," alisema, "kila kitu tunapiga. Tunapiga ngoma, tunapiga kelele, tunapiga pasi, tunapiga miayo. Mwingereza hapana! Mwingereza ana neno lake kwa kila pigo."

Akaandika ubaoni maneno manane, tukayaimba mpaka Kinu kikasikika kama kinatuitikia: hiti, biti, noki, slapu, kiki, panchi, tapu, straiki. Hilo la mwisho ndimi zetu za Kisukuma zililikataa, tukawa tunasema stulaiki, naye anashika kichwa. Kisha akatueleza safari za kila neno. Biti ni kuchapa mtoto na ni kupiga ngoma, lakini pia ni kuwafunga wenzako mpira, na hata moyo kifuani kazi yake ni hiyo hiyo. Straiki ndilo lililotuchosha. Saa ikilia, straiki. Kibiriti kikiwashwa, straiki. Radi ikimpata mtu, straiki. Mzungu akikuta mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba, naye husema kaupiga straiki, kana kwamba dhahabu ilimkosea adabu.

"Na watu wakiweka zana chini wakakataa kazi," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, akichungulia dirishani, "nayo ni straiki. Hilo msiandike."

Tuliliandika wote.

Alitaka kila neno tulifanye kwa mikono, wawili wawili. Mimi nilipangwa na Ng'washi, rafiki yangu wa kuchota naye maji. Zamu ya slapu ilipofika nilimwangalia lile shavu lake la mviringo, mkono ukagoma. Nikalishika tu. "Jamani huyu anampaka mwenzake mafuta!" alipiga kelele mmoja nyuma, darasa likaanguka kwa kicheko. Ng'washi yeye hakuwa na matatizo hayo. Alinizaba, nikaona nyota mchana, na neno hilo mpaka leo sijalisahau.

Lakini neno nililolipenda lilikuwa noki. Mwalimu alitueleza kwamba mtu aliyestaarabika hapayuki mlangoni mwa wenzake. Hukunja kidole, akagonga ubao mara tatu, akanyamaza, akangoja. Nilivutiwa mno na huko kunyamaza. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shule, nilikwenda kwa jirani yetu Mama Shija kuazima moto. Nikakunja kidole. Ta, ta, ta. Nikanyamaza.

"Nani?"

Nikaendelea kunyamaza, nimestaarabika.

"Nani huyo? Sema! Mayo wane! Baba Shija, amka, kimekuja kitu hakina sauti!"

Nilisikia sufuria ikianguka, mtoto akalia, halafu mlango ukafunguka na Baba Shija katoka na panga mkononi, shuka kiunoni. Kwetu, mtu hufika na sauti yake. Husimama mbali kidogo, husema hodi, hungoja. Kinachogusa mlango bila sauti si mtu. Ni mchawi, au ni aliyetumwa kuleta msiba na hajui aanzeje. Mimi nilikuwa najua hayo yote, nimeyajua tangu kuzaliwa, ila nilidhani Kiingereza kimeyafuta. Mama Shija alinishika sikio hadi kwetu. Mama akaniombea radhi kwa majirani, akanichapa kidogo, na akaniambia nikitaka kugonga nigonge kwenye mlango wa Mzungu.

Wakati huo tayari nilikuwa na jambo lililokuwa linanikosesha raha. Nilikuwa nimevunja kioo cha baba. Kioo kidogo cha kunyolea ndevu, alichokinunua kwa Mhindi, kilichozungukwa na bati jekundu. Nilikuwa najiangalia nikiwa mkalimani, nikainamisha kichwa kwa heshima kama Mzungu anavyosalimia wanawake, kikateleza. Nilivificha vipande chini ya gunia la mtama, nikanyamaza. Na kuanzia juma hilo hilo, baba akaacha kunijibu.

Nilimpelekea maji. "Shikamoo, baba." Kimya. Anaangalia kule machweo, vumbi la mawe limeganda masikioni. Nikimwita kutoka nyuma ya nyumba, kimya. Nikisimama mbele yake kabisa ndipo hunitazama mdomo kwa makini, kama hakimu, akasema, "Marahaba." Basi. Hakuna tena mayu, hakuna umewashinda leo. Nikasoma mambo nilivyojua kusoma: baba anajua. Anataka nije mbele yake niseme mwenyewe. Fimbo ya baba ningeivumilia, ingeisha. Ile hali ya kutojibiwa haikuisha. Nilizunguka, nilifagia mahali palipofagiliwa, nilikaa nikasimama. Hata chakula nilikula nimechuchumaa.

Nilimwuliza mama. "Baba kanikasirikia?"

"Baba yako kachoka," alisema mama, akaendelea kuchagua mchele, lakini mikono yake ilikuwa inachagua mahali pasipo na mchele.

Jumapili moja nikaamua. Baba alikuwa ndani amekaa juu ya kigoda, kaegemeza mgongo kwenye ule ukuta wa mbao uliotenga chumba chao na sebule. Nilisimama upande wa pili. "Hodi, baba." Kimya. "Hodi, baba." Kimya. "Baba, hodi, nina maneno." Machozi yalianza kunitoka. Kwa kukosa la kufanya nikakunja kidole, nikagonga ule ubao, mara tatu.

Kigoda kilipiga chini, baba kasimama. "Karibu! Karibu!" Alisema kwa sauti kubwa kama anaita ng'ombe.

Niliingia na kusimama nyuma yake, kwa kuwa usoni sikuweza. Nikasema yote. Kioo, gunia, mkalimani, yote. Baba hakugeuka. Aliendelea kuuangalia mlango mwingine, kana kwamba aliyegonga angetokea huko. Ndipo nikazunguka mbele nikilia.

"Mayu! Umeingia saa ngapi? Unalilia nini?"

Nikarudia, sasa nikimtazama. Aliniangalia mdomo mpaka mwisho, halafu akacheka. "Kioo? Nimekitafuta mpaka nimedhani nimezeeka. Ndicho kinakuliza?"

"Baba, nimekwisha kusema mara ya kwanza. Hapo nyuma."

Kicheko kikamwisha pole pole. Alinyosha mkono akanivuta, akaweka kidole mdomoni pake. "Masikio yangu yamejaa unga wa mawe," alisema, sasa kwa sauti ndogo mno, sauti ya mtu asiyejua tena sauti yake ina kimo gani. "Yatapona. Usimwambie mtu. Nyapara akijua, tunarudi nyumbani kesho, na shule yako ndiyo basi. Unanisikia?"

Eti mimi ndiye wa kuulizwa kama nasikia!

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote. Baba hakunikasirikia, na mimi na yeye tulikuwa na siri. Nilimgongea ubao wa benchi akiwa ameliegemea, ausikie kwa mgongo: mara moja, chakula kiko tayari, mara mbili, mama anakuita, mara tatu, kuna mgeni, jipange. Alikuwa anageuka na uso wa mtu aliyesikia vizuri, "Karibu sana, karibu!", na mgeni hajui kitu. Nilijiona mkalimani tayari.

Kisha siku ya Ijumaa baba akarudi amefurahi. Wamemtoa kwenye Kinu. Jumatatu anaingia shimoni, kwenye kundi la wachimbaji, kazi ya wanaume, na mahali pake kwenye mashine kashapewa mtu mwingine.

Ijumaa hiyo hiyo, mchana wake, Mwalimu Elikana alikuwa amerudia straiki, maana bado tulikuwa tunaiua. Alituambia tukae kimya, tusikilize. Kutoka shimoni ilikuja sauti tuliyoizoea: chuma kinagonga kipande cha reli kilichotundikwa, ngen, ngen, ngen, ngen. Ikanyamaza. Kidogo baruti ikalipuka, vumbi likadondoka kutoka kwenye dari.

"Ile reli," alisema, "inapigwa straiki ili watu wakimbie."

Nilinyosha mkono. "Na asiyesikia je, Mwalimu?"

"Hakuna asiyesikia reli. Labda kiziwi. Na kiziwi haajiriwi shimoni, angeajiriwa mara moja tu." Darasa likacheka. Nami nilicheka, kwa sababu wakati ule sikujua habari ya Jumatatu. Jioni, baba alipoitangaza, niliacha sahani yangu nikanyanyuka.

Nilimwambia mama jikoni. Mama alikwisha kujua masikio ya baba kabla yangu. "Baba yako ana macho," alisema. "Wenzake wakikimbia, naye atakimbia."

"Na kama kawapa mgongo?"

"Nyamaza."

"Mama, kama kainama anachimba, kawapa mgongo?"

"Nimekwambia nyamaza! Unataka turudi tukale nini?" Alinigeuzia uso, na niliona kwamba na yeye halali.

Jumamosi sikukaa. Jumapili sikukaa. Niliomba dua za kila dini niliyoisikia kambini. Nilihesabu hatua kutoka nyumbani mpaka shimoni, sijui za nini. Baba alikuwa ananoa koleo lake huku akiimba wimbo ambao hausikii, akipotea njia ya sauti, na majirani wakidhani anafanya mzaha.

Jumatatu asubuhi nilitoka na daftari langu kama ninakwenda shule, nikakata kona kwa nyapara wa shimo. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye mlango wa mbao wa rangi ya kijani. Wanaume walikuwa wanapanga mstari uwanjani kuitwa majina. Nikakunja kidole. Ta, ta, ta. Nikanyamaza.

Mlango ulifunguka kwa haraka. Nyapara alikuwa amevua kofia, kaiweka kifuani. "Ndiyo, bwana!" alisema, akatazama juu, akakosa mtu, akatazama chini, akanikuta mimi. Akaivaa tena.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani wa kugonga kama Mzungu?"

"Wa Baba Masanja. Baba yangu hasikii."

"Hasikii nini? Hasikii amri?"

"Hasikii reli."

Nyapara, mzee mnene, alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Nani kakutuma? Mama?"

"Hakuna. Baba kaniambia nisiseme."

Akainuka. Alichukua sahani ya bati juu ya meza na nondo fupi, akazunguka nyuma ya mstari bila haraka, akafika karibu na mgongo wa baba, akaipiga ile sahani pigo moja la nguvu. Mstari mzima uligeuka. Watu waliruka, mmoja akatukana, mmoja akacheka. Baba peke yake alibaki anatazama mbele, koleo begani, mabega yamenyooka vizuri kama mtu anayetaka kuonekana mfanyakazi hodari.

"Huyu yuko ndotoni," alisema mtu, na wachache wakacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Baba aliona kwamba walio mbele yake wamegeuka. Naye akageuka, akichelewa, akitabasamu wanavyotabasamu, kama anayeiga. Akamwona nyapara na sahani. Akaniona mimi mlangoni, kidole bado kimekunjwa.

Kwenye Kinu hawakumrudisha. Mzungu alisema mtu asiyesikia si wa mashine yoyote. Kabla juma halijaisha tulikuwa juu ya lori la pamba, magunia, mtungi, benchi na sisi, tukirudi Shinyanga. Njia nzima, kutoka Geita mpaka mwisho, baba alikaa kanipa mgongo. Niligonga ubao wa lori mara moja. Nikagonga mara mbili. Ubao ule ulikuwa unatetemeka kwa kila shimo la barabara, kwa hiyo nilijiambia labda hakuyatambua. Nilijiambia hivyo miezi mingi.

Maana nyumbani hakunigeukia. Alilima, alikula, alilala. Nikimsalimia usoni alijibu "Marahaba" kama anayemlipa mpita njia. Shule ya kwetu haikuwa na Kiingereza. Mwalimu Elikana alikuwa ametuahidi kwamba tukimaliza kupiga tutaingia kwenye kushika na kubeba; mimi nikaishia kwenye kupiga. Gauni jeupe nililiacha huko huko kwenye vipande vya kioo. Bibi aliniambia, "Mwanangu, umefanya vizuri, na vizuri vina uchungu wake," nikamwona hanisaidii kitu.

Mtama ukaiva, ukakatwa, ukakauka. Mnajua kupura kwetu: majirani hualikwa, wakasimama mistari miwili wakitazamana na masuke katikati, fimbo za huku zikishuka za kule zinapanda, na wimbo ndio unaoshika zamu. Anayekosa zamu humvunja mwenzake mkono. Baba alikuwa mpuraji wa kusifika zamani. Sasa siku ya kwanza ya kupura kwetu alikaa nyuma ya boma akichonga mpini usiohitajika. Hakuna aliyemwita. Wote walijua wimbo hausikii.

Siku ya pili, alfajiri imeshapasuka na jogoo wamemaliza, mimi na bibi tukiwa bado kwenye ngozi, mlango uligongwa. Ta, ta, ta. Kimya.

Bibi alikaa kitako. "Nani huyo asiye na sauti?" Akanikamata mkono. "Usijibu, mjukuu wangu. Usijibu!"

"Karibu, baba," nilisema.

Kimya. Nikasema tena, "Karibu!" Mlango haukuguswa. Nilikaa nikisikiliza ule ustaarabu wote kule nje, mpaka ikaniingia akilini kwamba anaweza kusimama pale hadi jua litue akingoja neno ambalo halitamfikia. Nikaruka, nikafungua.

Baba alikuwa amesimama na fimbo mbili za kupuria. Alinipa moja. "Simama mbele yangu uwanjani, mayu," alisema kwa ile sauti yake isiyojua kimo. "Wimbo siusikii. Fimbo yako nitaiona."

Tukasimama. Majirani walitazamana, wakatupisha. Niliinua, nikashusha, yake ikapanda. Yake ikashuka, yangu ikapanda. Alikuwa hatazami masuke, ananitazama mimi tu, macho kodo, jasho linachuruzika, na miguu yake imeshika zamu kama ardhi inamwambia. Mtama ukaruka. Katikati ya kazi, bila kusimama, akapaza sauti, "Mwalimu wako! Hii kaipa jina gani?"

"Sijui, baba! Hakuifikia!"

Aliniona mdomo. Akacheka, kicheko chake cha zamani, cha kutupa kichwa nyuma, nami kwa furaha nikasahau kuondoa mkono. Fimbo yake ikaniangukia kidole.

Kidole hiki cha kati cha mkono wa kulia mpaka leo kimepinda. Ndicho ninachogongea ubao wa kitanda chake kila niendapo kumsalimia, mara tatu, kisha nanyamaza, nangoja anigeukie.